Nitafundishaje jinsi askari anavyosimamisha gari kwa usalama bila kuwajaza wanafunzi woga?

"Afande habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa chuo, nafundisha vijana wanaosomea sheria na ulinzi, ila mwenyewe sijawahi kuvaa gwanda hata siku moja. Muhula huu nina mada ya jinsi askari anavyosimamisha gari kwa kosa la kawaida, spidi au taa mbovu, kwa usalama. Nikaanza na video za mtandaoni za askari waliopigwa risasi dirishani kwa dereva. Matokeo yake nusu ya darasa wametoka wanaona kila dereva ni jambazi, nusu nyingine wanasema kumbe ndo maana polisi wakali. Tulipofanya zoezi, kijana aliyekuwa askari alimwendea mwenzake mkono kiunoni huku anafoka, yule 'dereva' akaangua kicheko, zoezi likafia hapo. Naomba unisaidie: nianzie wapi? Ni kweli kusimamisha gari ndo kazi ya hatari kuliko zote za polisi? Askari aende upande gani wa gari, maana kila ninachosoma kinasema lake? Na je, sifundishi wahalifu pia?"

Mwalimu, asante kwa swali, na asante zaidi kwa kukiri kwamba zoezi liliharibika, maana wengi wanaoniuliza wananiletea yale yaliyonyooka tu. Nikikuelewa vizuri, unataka vijana wajue hatari iko wapi bila kuondoka wameogopa mpaka wenyewe wanakuwa hatari. Hilo linawezekana kabisa. Vijana wako hawana tatizo, tatizo ni ile video uliyoanza nayo.

Nianze na hilo la hatari. Video unazoziona mtandaoni zimechaguliwa. Hakuna mtu anayepandisha video ya askari aliyesalimia, akaeleza kosa, akaandika karatasi, akaagana na dereva wakaachana, na hiyo ndo hali ya kawaida kupita zote. Kuna mtaalamu wa sheria wa Marekani, Jordan Blair Woods, ambaye mwaka 2019 alichapisha utafiti wa matukio ya miaka 10 kutoka idara za polisi zaidi ya 200 za jimbo la Florida. Akakuta kwamba askari kuuawa kwa makusudi kwenye usimamishaji wa kawaida wa gari ni mara moja katika kila magari milioni 6.5 yanayosimamishwa, na kushambuliwa mpaka kuumia vibaya ni mara moja katika kila magari 361,111. Sasa usiende darasani ukawaambia hamna hatari. Hizo ni takwimu za jimbo moja la nchi moja, halafu kuna wanaosema namba ziko chini kwa sababu hao askari wanajihadhari, na hoja hiyo nayo ina uzito wake. Ila kusema ni kazi ya hatari kuliko zote, hapana.

Kwa nini basi mafunzo yamejaa tahadhari? Historia yake inafaa kusimuliwa darasani. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Aprili 1970, eneo la Newhall huko California, askari 4 wa doria ya barabara kuu waliuawa ndani ya dakika chache baada ya kusimamisha gari lenye watu 2 wenye silaha. Baada ya hapo mafunzo ya kusimamisha gari yakaandikwa upya. Lakini angalia vizuri, lile halikuwa gari la taa mbovu, taarifa kwamba kuna mtu aliyemwonyesha mwenzie bastola ilishapigwa kabla. Wanafunzi wakijua tofauti hiyo tu, umeshavuka nusu ya safari. Gari linaloshukiwa kuwa na silaha ni kazi nyingine na utaratibu mwingine, na aliyesahau kuwasha taa ni kazi nyingine.

Kinachomtishia askari kila siku, kila gari, ni magari yanayopita mgongoni kwake. Hapo ndo ningeanzia somo ningekuwa wewe, na ningeanzia nje ya darasa, uwanjani. Chukua kamba ya kupimia, pima mita 28, weka kijana mwanzoni na mwingine mwishoni. Waambie gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linamaliza umbali huo kwa sekunde moja, yaani ukisema "moja" limeshafika. Sasa ongeza hadi mita 42. Huo ni umbali ambao gari hilohilo linakwenda dereva akichukua sekunde moja na nusu kushtuka na kupeleka mguu kwenye breki, breki yenyewe bado haijaanza kukamata. Na kama alikuwa ametupa jicho kwenye simu kwa sekunde 2, ongeza mita 56 nyingine. Waache wasimame kule mwisho waangalie walikotoka. Mimi nimeona vijana wenye maneno mengi wakinyamaza pale, hakuna video iliyowahi kunifanyia hivyo.

Ukishafanya hivyo, mambo mengine yote yanaanza kuwa na sababu, hayabaki kuwa orodha ya kukariri. Kwa mfano kuchagua mahali. Watu wanadhani askari anaona kosa anawasha vimulimuli papo hapo. Askari mzuri anaona kosa, anafuata kidogo kwa utulivu, anatafuta sehemu, ndo anawasha. Kwa sababu dereva akiona taa za polisi kwenye kioo anashtuka na anasimama popote alipo, hata kwenye kona, juu ya daraja, au nyuma tu ya kilima ambako anayekuja hawaoni mpaka awe juu yao. Kwa hiyo mahali pa kusimama panachaguliwa kabla ya taa kuwaka: pana nafasi pembeni, panaonekana kutoka mbali, usiku ikiwezekana pana mwanga. Kama dereva amesimama pabaya, askari anamwelekeza asogee mbele, hata kwa kipaza sauti cha gari, na hamna aibu yoyote katika hilo.

Kabla ya kushuka kuna redio. Niko wapi, namba ya gari, aina na rangi, watu wangapi naona ndani. Maneno hayo yanachukua sekunde chache, na wanafunzi wanayaona kama urasimu, sasa wafafanulie hivi: likitokea lolote, hata kama ni askari kugongwa na lori na hawezi kusema neno, kuna mtu anayejua alipo. Halafu namba ya gari ikishatajwa, aliyeko upande wa pili wa redio anaweza kurudisha jibu kama gari limeripotiwa kuibwa, na jibu hilo likija kabla askari hajafika dirishani linabadilisha kila kitu.

Sasa mpangilio wa magari. Hapa nakuomba uchukue viberiti viwili vya kawaida uviweke juu ya meza, kimoja ni gari la dereva, kingine la polisi, chora mstari wa chaki kuwa ukingo wa barabara. Gari la polisi linakaa nyuma, kama mita 3 hadi 5. Halikai sawasawa nyuma ya lile la mbele, linasogezwa kama mita moja hivi kuelekea upande wa magari yanayopita, kwa hiyo ubavu wake unatokeza kidogo na kuacha kichochoro ambacho askari anapita kwenda mbele akiwa amekingwa. Tairi za mbele zinakatwa pembeni, ili gari la polisi likigongwa kwa nyuma lisiende moja kwa moja kumbamiza askari na dereva aliyesimamishwa. Sukuma kiberiti cha nyuma kwa kidole, kwanza kikiwa kimenyooka, kisha kikiwa kimekatwa upande, wataona wenyewe kinakokwenda. Na sehemu moja haisimamwi hata kwa sekunde: kati ya bampa na bampa. Gari la nyuma likisukumwa, miguu ndo inayobanwa.

Niseme wazi kwamba sio kila jeshi la polisi linafundisha kuegesha hivyo, wengine wananyoosha, wengine wanalaza gari kwa pembe, na kila mmoja ana sababu zake. Usigeuze somo kuwa ubishi wa mita ngapi. Waulize tu, katika mpangilio huu, gari likija kwa nyuma bila breki, nani anaumia? Wakijibu hilo kwa kila mchoro, inatosha.

Halafu kuna mtego ambao nimeuona kwa walimu zaidi ya mmoja. Video nyingi zinatoka Marekani, na kule wanaendesha upande wa kulia na dereva anakaa kushoto. Kama darasa lako liko kwenye nchi inayoendesha kushoto, kila kitu kwenye ile video kimegeuka kama kwenye kioo! Mwanafunzi anakariri "sogeza gari kushoto, pita kushoto" na kesho yake barabarani ameegesha kinyume kabisa, ameacha mgongo wake wazi. Kwa hiyo maneno kushoto na kulia yafute kwenye somo lako. Sema "upande wa magari yanayopita" na "upande wa mtaroni", basi.

Na usisahau kwamba sehemu nyingi duniani askari hata gari la kufuatilia hana, amesimama kando ya barabara kwa miguu na anapunga mkono. Vitabu vingi havisemi kitu hapo. Kanuni ni zilezile ila uwazi ni mkubwa zaidi. Avae kizibao kinachong'aa, asimame mahali dereva atamwona mapema, aanze kuonyesha ishara gari likiwa bado mbali, amwonyeshe kwa mkono sehemu ya kusimama, na achague gari ambalo nyuma yake hakuna lingine limeliganda, maana breki ya ghafla inamaliza wawili. Asiruke mbele ya gari linalotembea. Hata kilomita 50 kwa saa ni mita 14 kila sekunde, hakuna binadamu anayeruka pembeni kwa wakati huo. Dereva asiposimama, namba inasomwa, inapelekwa kwenye redio, gari litapatikana mbele ya safari. Hili la mwisho ni gumu kwa vijana, wanaona kama kushindwa.

Nije kwenye swali la upande, lile linalokusumbua. Ukweli ni kwamba pande zote mbili zina faida na hasara, na ndo maana vitabu vinapingana. Kwenda dirisha la dereva ni rahisi: unaongea naye uso kwa uso, unapokea leseni bila kunyoosha mkono juu ya mtu mwingine, unasikia harufu ya pombe kama ipo, unaona mikono yake. Ubaya wake ni mmoja tu ila ni mkubwa, umesimama kwenye njia ya magari. Upande wa abiria, yaani wa mtaroni, gari zima limekukinga, na dereva anayekutegemea upande wake hakuoni unakuja kwa hiyo unapata sekunde mbili tatu za kuangalia ndani. Ubaya wake: unaongea kwa sauti juu juu kuvuka siti, kelele za barabara zinameza maneno, dereva anashtuka kioo kikigongwa upande asioutegemea, saa nyingine kuna mtaro au matope huna pa kukanyaga, na kama kuna abiria basi yeye ndo katikati yenu.

Maoni yangu binafsi, barabara ya magari ya kasi nenda upande wa mtaroni, kila mara, bila kujiuliza mara mbili. Mtaa wa mwendo mdogo nenda pale unapoona mikono ya watu vizuri. Lakini kama polisi wa nchi yako wana mwongozo, huo ndo unaofundishwa, sio maoni ya mzee mstaafu.

Ukifika, husimami katikati ya dirisha. Unasimama nyuma kidogo ya ile nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma. Mlango ukifunguliwa kwa nguvu haukupigi, na dereva anageuza shingo kukuona, wakati wewe unamwona yeye, siti ya nyuma na mikono. Ila usizidishe. Nimeona vijana wanajificha nyuma kiasi kwamba dereva anaongea na hewa, hajui anaongea na nani, anaanza kujipindua kwenye siti akitafuta sauti inatoka wapi, na askari naye akiona anajipindua anashtuka. Hofu ya mmoja inamlisha mwenzie. Dereva auone uso wako.

Kuna ile desturi ya zamani ya kugusa buti la gari ukipita, kuhakikisha limefungwa na kuacha alama za vidole. Mimi siifundishi. Kuangalia kwa macho kunatosha kuona kama limefungwa, na siku hizi kamera zinaacha ushahidi bora kuliko kidole.

Sasa maneno. Mwalimu, ukikosa muda wa mengine yote, hili usiliruke, kwa sababu hapa ndo zoezi lako lilipokufa. Mwaka 2023 watafiti wa Marekani, akiwemo Eugenia Rho na Jennifer Eberhardt, walichambua sauti za kamera za askari waliosimamisha madereva weusi, wakakuta kwamba maneno 45 ya kwanza ya askari yanatosha kuonyesha kama tukio litaishia kwenye pingu, upekuzi au kukamatwa. Yale yaliyoharibika yalikuwa na dalili mbili tangu mwanzo: askari alianza kwa kuamrisha, na hakusema sababu ya kumsimamisha mtu. Maneno 45 ni kama nusu dakika.

Fanya hivi. Mwite mwanafunzi mmoja akae kwenye kiti kama dereva, wewe mwendee useme "Leseni! Zima gari! Unatoka wapi?" Kisha toka, rudi upya: "Habari za jioni. Mimi ni konstebo wa kikosi cha barabarani. Nimekusimamisha kwa sababu umepita taa nyekundu pale makutano ya nyuma. Una sababu ya dharura ninayopaswa kuijua? Haya, naomba leseni yako, iko wapi?" Mwulize aliyekaa kwenye kiti mwili wake ulifanya nini mara ya kwanza na mara ya pili. Atakujibu kwa lugha yake vizuri kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Sababu yake ni ya kimwili. Mtu aliyesimamishwa na polisi moyo unadunda, mikono inatetemeka, mdomo unakauka, akili inashika jambo moja tu kwa wakati. Hiyo haimaanishi ana hatia, hata padri anatetemeka. Akishajua kwa nini amesimamishwa, lile swali linalomzunguka kichwani linapata jibu na sasa anaweza kusikia maelekezo. Asipojua, atauliza, na askari aliyefundishwa vibaya anasikia swali kama ukaidi. Hapo ndo ugomvi unazaliwa, hakuna bastola wala jambazi, ni watu wawili wenye hofu. Ile "unajua kwa nini nimekusimamisha?" nayo nakushauri uitoe kwenye zoezi, ni fumbo, na dereva anajihisi anategwa. California wameifikia kisheria: tangu tarehe 1 Januari 2024 askari kule anatakiwa aseme sababu ya kumsimamisha mtu kabla ya kuanza kumhoji, isipokuwa pale usalama unapomlazimisha kuisubirisha.

Na ile "leseni iko wapi?" ina kazi yake. Dereva akitupa mkono ghafla chini ya siti, askari haoni leseni, anaona mkono uliopotea. Lakini askari ndiye aliyeiomba! Kwa hiyo unauliza kwanza iko wapi, anasema mfuko wa nyuma, unamwambia sawa, itoe taratibu. Kila mmoja anajua kinachofuata. Kosa baya kupita yote katika sehemu hii ni amri mbili zinazopingana, mmoja anasema usiguse kitu, mwingine anasema toa leseni, na dereva akitii moja anaonekana amekaidi nyingine. Wakiwa askari wawili, anaongea mmoja, mwingine anaangalia na kufunga mdomo wake. Hilo lipigie mstari mwekundu.

Huyo kijana wako wa mkono kiunoni usimgombeze. Anaiga alichokiona kwenye filamu, na labda kwenye ile video yako. Mwambie mkono wake wenye nguvu ubaki mtupu na uonekane, karatasi na tochi vikae mkono mwingine, mtu aliye tayari hahitaji kutangaza kwamba yuko tayari. Na yule aliyecheka, mrudishe. Madereva wa kweli wanacheka pia, kicheko cha woga ni kitu cha kila siku, na askari lazima ajifunze kukipita bila kuona amedharauliwa. Mimi ningeanza zoezi la pili palepale lilipofia la kwanza.

Kuhusu zoezi lenyewe, hakuna bastola ya aina yoyote, hata ya plastiki, hata ya mbao. Kwanza kuna mtu atapita nje ataona na kuelewa vibaya, pili silaha ikiwepo tu vijana hawawazi kitu kingine. Usifanye kwenye barabara inayotumika, hata kama magari ni machache. Gari liwe uwanjani, limezimwa, ufunguo uko mfukoni mwako, hendibreki juu na mawe chini ya tairi. Huna gari? Viti vinne na chaki, inatosha kabisa, nimefundisha hivyo miaka. Kubalianeni neno moja ambalo yeyote akilitamka kila mtu anasimama alipo.

Halafu andika vikaratasi vya siri kwa ajili ya dereva. Katika kila 10, viwe 8 au 9 vya kawaida kabisa: amechelewa kazini, leseni ameisahau nyumbani, mtoto analia siti ya nyuma, haelewi lugha ya askari, amekasirika kwa sababu ya jambo lingine, ni kiziwi. Huyo kiziwi usimwache. Atanyoosha mkono kuelekea sikioni au kifuani kutafuta kadi, hatajibu amri, na mwanafunzi aliyefundishwa kwa video za risasi atamwona ni adui. Wakishakutana naye mara moja uwanjani hawamsahau.

Mwanafunzi wa tatu mpe saa ya kuhesabia sekunde, akae pembeni, kazi yake moja tu: askari amegeuzia mgongo upande wa magari kwa sekunde ngapi jumla? Na dereva akimaliza ajibu maswali mawili, ulijua kwa nini umesimamishwa, na ulijua mikono uiweke wapi. Alama zitoke hapo. Usiwape alama kwa sauti nzito.

Kuhusu kufundisha wahalifu, wasiwasi wako nauelewa lakini ninayokuandikia hapa kila anayekaa kando ya barabara anayaona bure. Kinyume chake, raia anayejua utaratibu anapunguza hatari: anawasha indiketa kuonyesha amekuona, anasogea pembeni, usiku anawasha taa ya ndani, anaweka mikono kwenye usukani, hashuki mpaka aambiwe. Wengi wa vijana wako watakuwa madereva kabla ya kuwa askari. Usichofundisha ni ule utaratibu wa gari la hatari kubwa, la wizi au la watu wenye silaha. Wao wajue tu kwamba upo, kwamba askari haendi dirishani peke yake na anasubiri wenzake, na waishie hapo. Huo unafundishwa na wakufunzi wa polisi kwa watu waliokwisha kuapishwa.

Kuna mahali barua yangu haitoshi. Kabla ya zoezi la vitendo andika kuomba mkufunzi wa usalama barabarani aje, nusu siku tu, akague mpangilio wako, macho ya mtu aliyepo yanaona jiwe lisilokaa vizuri chini ya tairi. Na upande wa mamlaka, lini askari anaweza kumshusha mtu, kupekua gari, kumpima pombe, mtafute mwanasheria wa nchi yako. Kwa mfano Mahakama ya Juu ya Marekani mwaka 1977, kesi ya Pennsylvania dhidi ya Mimms, iliruhusu askari kumwamuru dereva ashuke, na mwaka 2015, kesi ya Rodriguez, ikasema huwezi kurefusha kusimamishwa ili tu umsubiri mbwa wa kunusa wakati huna sababu ya kumshuku mtu. Ukiona video ya kule unaona sheria ya kule, yako inaweza kusema tofauti kabisa. Na kama kuna mwanafunzi aliyewahi kuumizwa, au ndugu yake, kwenye tukio la kusimamishwa, usimpe nafasi ya dereva kwa lazima, mwulize faragha, na ukiona limemkaa vibaya mpeleke kwa mshauri nasaha.

La mwisho, mazoezi mengi yanaishia pale leseni inaporudishwa, watu wanapiga makofi. Yako yaendelee. Dereva akishapewa karatasi zake kichwa bado kina moto, na ndo wakati anaingia barabarani bila kuangalia kioo. Askari anarudi kwenye gari lake akitembea upande wa mtaroni, vimulimuli bado vinawaka, anaangalia nyuma, linapita lori, linapita basi, nafasi inapatikana, anampa ishara ya mkono. Gari la mbele linawasha indiketa, linaingia. Hapo ndo zima taa, toa taarifa kwenye redio kwamba umemaliza, na yule mwenye saa aache kuhesabu.